Kijiwe Chapigia Kura Kifua cha Mzee Majira

Kijiwe chetu ni kiti cha nyuma cha gari lililokufa zamani, tumekiegemeza ukutani kwenye kona ya barabara ya malori. Mimi ndiye mwenye kona. Ni fundi viatu, sanduku langu liko hapo hapo, na anayekaa bila kunywa kahawa namkodolea macho mpaka aone haya. Nyuma ya ukuta huo huo ndiko chumba cha Mzee Majira, fundi saa, mwenzetu tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Wiki hiyo hewa ilikuwa imechacha. Moshi wa malori, wa majiko, wa takataka zinazochomwa nyuma ya soko na wa tanuri la matofali uligoma kupanda juu, ukakaa mitaani kama mgeni asiyejua kuaga. Jua la saa nne lilikuwa jekundu, unalitazama bila kupepesa jicho. Majira alikuwa kitandani, kifua kinapiga filimbi. Zahanati walimwambia atoke mjini mpaka hewa itulie, na binti yake anayeishi kule vilimani akasema gari litakuja kumchukua adhuhuri. Mzee akagoma. Akamtuma Birika, muuza kahawa wetu: "Waambie wapige kura. Wakisema niende, nitakwenda. Wakisema nibaki, huyo binti na gari lake wageuze." Ndiyo desturi yetu. Kijiwe kimeshapigia kura posa, majina ya watoto na jino la kung'oa. Hata Kipara alipotaka kuacha sigara tulipiga kura, akashindwa.

Waliohudhuria ni hawa. Kipara, kinyozi wa duka la jirani, ambaye kichwa chake ni tangazo baya kwa biashara yake. Lori, dereva wa lori la mchanga, anayeliegesha mbele yetu na hazimi injini, maana likizimwa haliwaki mpaka lisukumwe na mtaa mzima. Profesa, mlinzi mstaafu wa shule, aliyesoma kila darasa kwa kuchungulia dirishani, na ndiyo maana elimu yake ni ya upande upande. Na Birika mwenyewe, ambaye hana kura kwa sababu yuko kazini, lakini mdomo anao.

Profesa: Kikao kimefunguliwa. Ajenda ni moja, kifua.

Kipara: Cha nani?

Profesa: Cha kuku! Cha Majira, bwana. Umelala wapi wewe?

Kipara: Nimelala nikikohoa. Na nyinyi hamsikilizi redio. Tangu alfajiri wanasema watu wasitoke ovyo. Wazee, watoto, wajawazito, wenye pumu na wenye moyo, wakae ndani.

Lori: Wenye moyo? Sasa nani hana moyo?

Birika: Anayepiga honi alfajiri watu wamelala.

Kipara: Wenye maradhi ya moyo, wewe! Wanasema kuna vumbi laini hewani. Dogo mno. Chukua unywele mmoja, upasue mara thelathini. Kipande kimoja ndiyo chembe yenyewe.

Mimi: Nani kapasua unywele mara thelathini?

Kipara: Sijui. Kinyozi asiye na wateja.

Lori: Na wewe utapimaje, huna hata unywele wa kupasua?

Kipara: Ndiyo salama yangu hiyo. Sina kipimo, hainihusu.

Tukacheka. Lakini Kipara ana tabia moja, akianza habari ya redio lazima aimalize, hata kama ni tangazo la sabuni.

Kipara: Subirini. Wanasema vumbi kubwa linakwama puani, unapenga, mambo yameisha. Hili dogo halikwami. Linapita pua, linapita koo, linashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu, halafu linajipenyeza kwenye damu. Likishaingia kwenye damu linatembea linakotaka. Moyoni. Kichwani. Mtu anapata kiharusi na hajavuta sigara hata siku moja.

Nyuma ya ukuta Majira akakohoa, kikohozi kirefu chenye mluzi mwishoni. Sote tukakoroga kahawa kwa bidii, hata wasiotia sukari.

Profesa: Hiyo ni redio. Redio kazi yake kutisha watu ili wasibadilishe stesheni. Sasa tufikiri kisayansi. Kitu kadiri kinavyokuwa kidogo, nguvu yake inapungua. Ni kweli au si kweli?

Lori: Kweli.

Profesa: Kwa hiyo chembe ndogo namna hiyo ina nguvu gani? Ikifika mapafuni imeshachoka. Ni safari ndefu ile.

Birika: Na mbu?

Profesa: Mbu ana mbawa, Birika. Usichanganye masomo.

Lori: Mimi naongezea. Moshi wa lori langu mnauona?

Mimi: Tunauona, tunaula, na jioni tunaupenga.

Lori: Mnauona! Mweusi, wazi, hauna siri. Redio inasema vumbi baya ni lile lisiloonekana. Basi si langu. Langu ni la uaminifu.

Kipara: Weye, kwenye huo mweusi ndimo lilimo hilo lisiloonekana.

Lori: Umeliona?

Kipara: Nitalionaje na nimekwambia halionekani?

Lori: Basi huna shahidi. Kesi imekwisha.

Nilitaka kumjibu, lakini lori lake likajibu kwanza. Injini ilipiga chafya, bomba likatema wingu, na kwa muda sikumwona hata Profesa aliyekaa ubavuni kwangu. Nilisikia tu sauti yake ikisema kwamba huo ni mvuke.

Hapa lazima niseme kuhusu barakoa ya kijiwe. Ilikuwa moja, ya kitambaa, imetundikwa kwenye msumari juu ya sanduku langu. Tuliamua, kwa kura, kwamba anayevuka barabara anaivaa, akirudi anaitundika ili mwenzake naye akivuka ajikinge. Ilianza ikiwa ya bluu. Kipara aliivaa akaenda kuangalia kama amefunga duka, akarudi imemning'inia kidevuni.

Birika: Hiyo barakoa imekuwa nyeusi mpaka nyuma. Nyinyi hamwoni kinyaa?

Profesa: Weusi huo ndio ushahidi kwamba inafanya kazi. Ingebaki safi ndiyo tungekuwa na wasiwasi.

Lori: Tena imeshapita vifua vya kijiwe kizima. Imezoeana nasi. Barakoa mpya ingetushangaa.

Birika: Na mnaivaa kidevuni. Kidevu kinapumua?

Kipara: Ndevu zangu zinavuta vumbi kabla halijafika puani. Nalizuia njiani.

Birika: Ndevu unazo kumbe. Basi sogeza kidogo kichwani.

Birika akamimina kahawa, mvuke ukapanda ukachanganyika na ule mwingine. Nikamkumbusha Profesa kwamba gari la adhuhuri halisubiri hotuba.

Profesa: Naam. Kifua. Nadharia yangu ni hii, na naomba nisikatizwe. Mapafu ya Majira ni ya mjini. Yamezaliwa hapa, yamekulia hapa, yamefundwa hapa. Hewa yetu ni nzito, ina shibe. Sasa umchukue mtu wa namna hiyo, ghafla umpeleke kwenye miti, kwenye hewa tupu isiyo na chochote ndani. Mapafu yatashtuka. Yatavuta, yatakuta hakuna kitu, yatadhani yamekufa njaa.

Mimi: Hewa ina shibe?

Profesa: Wewe ukienda vilimani husikii njaa?

Mimi: Nasikia.

Profesa: Ndiyo hiyo.

Naapa niliona Lori akitikisa kichwa kama mtu aliyefunguliwa mlango. Ndiyo ubaya wa Profesa. Ukimsikiliza haraka haraka, unamwelewa.

Lori: Mimi sikubaliani na kumpeleka, lakini kwa sababu nyingine. Dawa ya vumbi ipo na tumeshampa. Maziwa. Gereji zote ndivyo wanavyofanya. Fundi anachomelea vyuma kutwa, jioni anakunywa maziwa, yanasomba kila kitu. Sisi hapa si tunampelekea Majira maziwa kila siku? Ya nini tena vilima?

Kipara: Hata mimi nashangaa. Maziwa yote yale, kifua kingekuwa kinang'aa.

Birika akaacha kumimina. Akafuta mikono kwenye khanga, taratibu, na mimi nikajua kuna jambo.

Birika: Majira hanywi maziwa.

Lori: Hanywi vipi? Tunampelekea!

Birika: Mnanipa mimi nimpelekee. Siku ya kwanza nilimpelekea, akaniambia tumbo lake halijawahi kuyakubali tangu utoto, ila niwashukuru. Nisiyatupe, ni neema.

Lori: Sasa yanakwenda wapi?

Birika: Mnadhani kahawa yangu imekuwa tamu kwa sababu ya nini?

Tukatazama vikombe vyetu. Kumbe tulikuwa tunajitibu wenyewe. Lori ndiye aliyezinduka kwanza, uso ukamchanua.

Lori: Lo! Ndiyo maana mimi najisikia mwepesi! Mapafu yangu yameoshwa siku zote hizi bila mimi kujua. Tazameni!

Akasimama, akatanua mikono, akavuta hewa yote ya kona ile. Aliishikilia kidogo. Kisha akaanza kukohoa, akakohoa mpaka akainama, akashika tairi la lori lake, machozi yakamtiririka, Kipara akampiga mgongo kwa taulo la kunyolea.

Profesa: Yanatoka hayo. Maziwa yanafanya kazi.

Birika: Utakufa unatetea maziwa.

Kipara: Mnakosea wote. Tatizo la Majira nalijua mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayemnyoa. Nywele za pua. Ana nywele za pua mzee yule, ukizisuka zinafika. Zimekusanya vumbi miaka yote, sasa zimejaa. Hewa ikipita inazoa vumbi la zamani pamoja na jipya. Nizikate leo, kesho anapanda ngazi.

Mimi: Lakini si ndizo zinazozuia?

Kipara: Zinazuia likiwa kubwa. Hili dogo wanasema linapita. Sasa mlinzi asiyemzuia mwizi mnamuweka wa nini?

Profesa: Mlinzi umemwingiza kwa nini?

Kipara: Mfano tu, Profesa, usijihisi.

Birika: Mnajua nyinyi mko mbali. Huu moshi kwa nini haupandi? Jiulizeni. Siku zote moshi unapanda. Naamka kupepea mkaa kabla hakujakucha, naujua. Wiki hii nikipepea unapanda kidogo, unagonga kitu, unarudi kunitazama. Juu kuna kifuniko.

Lori: Kifuniko cha nini?

Birika: Cha sufuria. Wenye maghorofa wamekifunga. Wao wako juu yake na hewa yao, nyinyi mko chini yake mnachemka. Nyinyi ni maharage.

Tukageuka sote kutazama. Ukitazama mwisho wa barabara, ghorofa zilikuwa zimekatwa katikati na ule ukungu, nusu ya chini iko nasi na nusu ya juu haipo, na hakuna aliyejua huko juu watu wanapumua nini.

Mimi nami nikatia langu, maana mwenye kona hawezi kukaa bila nadharia. Nikawaambia kwamba Majira mwenyewe aliniambia, kabla hajaugua, kwamba saa anazoletewa siku hizi zimekwama kwa vumbi. Si saa zilizopasuka kioo. Saa nzima, zilizofungwa vizuri kabisa. Anazifungua, anakuta unga mweusi kwenye meno ya magurudumu.

Kipara: Na wewe ulisemaje?

Mimi: Nilimwambia wateja wake hawaogi.

Kipara: Ulisema vyema.

Profesa: Ni jibu la kitaalamu.

Wakati naisimulia habari hiyo, mimi mwenyewe nilijiuliza. Kama vumbi linaingia kwenye saa iliyofungwa, kifua ambacho hakina hata kifungo kitalizuiaje? Lakini sikusema. Kijiweni ukisema jambo la maana ghafla, watu wanadhani unaumwa.

Profesa: Muda umekwisha. Tunapiga kura. Wanaosema Majira aende vilimani akashangaze mapafu yake, wanyooshe mkono.

Hakuna aliyenyoosha. Lori alikuna sikio, tukamtazama, akashusha mkono haraka.

Profesa: Wanaosema abaki.

Profesa akanyoosha. Lori akanyoosha, na kikombe chake. Kipara akanyoosha taulo. Na mimi nikanyoosha, tena juu kabisa. Si kwamba niliamini habari ya shibe, wala maziwa, wala nywele za pua. Nilinyoosha kwa sababu kona ile bila Majira sijawahi kuiona na sikutaka kuiona. Yeye ndiye anayetwambia kwamba sisi waongo. Akiondoka, uongo wetu utabaki hauna wa kuupinga, na uongo wa namna hiyo hauna ladha. Nilimtaka mwenzangu abaki nyuma ya ukuta wangu, basi. Hiyo ndiyo sayansi yangu yote.

Profesa: Kijiwe kimeamua kwa kauli moja. Birika, mpelekee habari.

Birika hakuinuka. Alikuwa anatazama mlangoni kwa Majira.

Aliyetoka ni mkwe wa Majira, mke wa mwanawe anayefanya kazi mbali. Yule mama, tangu aolewe nyumba ile, hajawahi kusimama kijiweni. Hupita, husalimu akiwa anatembea, hutoweka. Leo alisimama. Mkononi ana shuka lililolowa maji, linatiririka, na macho yake yalikuwa mekundu kuliko lile jua.

Mkwe: Shikamooni, wazee wangu.

Sote: Marahaba, mwanangu.

Profesa: Umekuja wakati mzuri, mama. Kijiwe kimekaa, kimechambua kwa kina, kimeamua. Mzee anabaki.

Nilingoja aje juu. Ningekuwa yeye ningetumwagia hilo shuka. Hakupandisha hata sauti.

Mkwe: Sawa, baba. Nashukuru. Mimi sina elimu ya mambo haya, na nyinyi mmeyazungumza tangu asubuhi. Basi niambieni jambo moja tu, nirudi ndani. Dirisha la baba nilifungue au nilifunge?

Lori akakuna sikio tena.

Mkwe: Nikilifunga, chumba kinakuwa kizito, anasema kama mtu amemwekea blanketi mdomoni. Ananiomba hewa. Nikilifungua, moshi wa barabara unaingia, anakohoa mpaka midomo inabadilika rangi. Nimefungua na kufunga usiku kucha. Jiko nimelihamishia uani. Hili shuka nimeloweka nikalitundika dirishani, limekuwa jeusi, nimelifua, limekuwa jeusi tena. Kwa hiyo nauliza. Kama anabaki, nifungue au nifunge?

Profesa: Mwanangu, lifungue nusu.

Mkwe: Nusu nimeshafungua, baba. Anakohoa nusu, na nusu anakosa hewa.

Lori: Fanya hivi. Malori yakipita, funga. Yakiwa hayapo, fungua.

Mkwe: Hayapo saa ngapi?

Lori akageuka kulitazama lori lake. Lilikuwa linanguruma pale pale, mbele ya lile dirisha, kama lilivyonguruma kila asubuhi tangu tumjue. Akaweka kikombe chini, akaenda, akapanda, akazima injini. Sijawahi kumwona akiizima kijiweni. Tulisikia vitu ambavyo hatujawahi kuvisikia pale: mkasi wa Kipara ukigongana na funguo mfukoni, maji ya shuka yakidondoka, na pumzi za Majira zikipita ndani ya ukuta. Zilikuwa fupi fupi. Nilikuwa nimeuegemea ukuta ule asubuhi nzima.

Profesa alikuwa na kidole juu, kile cha kuanzia hoja, kikabaki juu hakina hoja.

Ndipo dirisha likafunguliwa kutoka ndani. Mkono wa Majira ukatokea kwanza, halafu uso. Alikuwa amekonda. Macho tu ndiyo yaliyobaki yake.

Majira: Mwanangu ameuliza swali. Mbona sisikii jibu?

Birika akaanza kupanga vikombe.

Majira: Profesa?

Profesa: Nipo, kaka.

Majira: Najua upo. Nimekusikia tangu asubuhi. Mpaka nywele zangu za pua mmezijadili. Nikasema wacha nisubiri, wana neno zuri la mwisho. Haya, nalingoja. Lifunguliwe au lifungwe?

Profesa akamtazama Kipara. Kipara akanitazama mimi. Mimi ndiye mwenye kona, ndiye ninayeshinda ukuta mmoja na yule mzee zaidi ya ndugu zake, na nilitafuta neno mdomoni, lolote, hata la kijinga, hasa la kijinga. Sikulipata. Nikainamisha kichwa.

Majira akacheka puani.

Majira: Basi mmejibu. Mwanangu, niletee viatu.

Mkwe akaingia ndani mbio. Nilifikiri shughuli yetu imekwisha. Haikuchukua muda akatoka tena, safari hii akaniita mimi.

Mkwe: Baba fundi, njoo. Viatu haviingii.

Nikachukua kisu na sindano, nikadhani ni soli imekunjamana, nikaingia. Majira alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika godoro kwa mikono yote miwili ili asipinduke. Nikapiga magoti kama ninavyopiga mbele ya wateja wote. Nikaiona miguu yake.

Ilikuwa imevimba kama unga ulioumuka. Vifundo havionekani, ngozi inang'aa, na nilipobonyeza kidogo kwa kidole, shimo likabaki. Wanasema moyo ukichoka miguu huvimba; redio ilisema moyo, nasi tukamcheka Kipara. Tulikaa asubuhi nzima tukibishania kifua, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza habari za miguu.

Mimi: Imeanza lini hii?

Majira: Acha kuishangaa. Ni miguu tu.

Mimi: Kwa nini hukusema?

Majira: Ningesema, mngeipigia kura.

Vile viatu navijua kuliko ninavyovijua vyangu. Nimevibadilisha soli, nimevitia visigino, nimevishona ubavu mpaka kilichobaki cha kiwandani ni umbo tu. Nikajaribu cha kulia, nikakitanua kwa mikono yote miwili. Hakikwenda. Yeye akajikaza asionyeshe kwamba anaumia, na kujikaza kwenyewe kukampandisha pumzi. Mkwe alisimama nyuma yake, amemshika mabega, ananitazama mimi.

Kazi yangu ni kufunga kilichoachia. Sijui nyingine. Lakini nilichukua kile kisu, nikakitia nyuma ya kisigino, nikapasua kiatu kutoka juu mpaka kwenye soli, kupitia mshono wangu mwenyewe. Halafu cha pili. Iliniuma, nasema wazi, iliniuma kama ningekuwa nakata nyama yangu. Miguu ikaingia. Nikazungusha uzi kwenye vifundo, nikaufunga bila kuukaza, ili visimtoke akitembea.

Nje gari la binti yake likapiga honi. Nikasikia Lori akimwambia dereva, kwa sauti ya chini nisiyoijua, tafadhali zima injini.

Majira akaviangalia viatu vyake.

Majira: Umeniharibia viatu, fundi.

Mimi: Ukirudi nitavishona.

Alinitazama vile anavyomtazama mteja aliyeleta saa na hajui imeharibika kiasi gani. Kisha akaweka mkono begani kwangu, akaniegemea, tukasimama.